Vizibo vya chupa za mvinyo: navifanyia nini badala ya kuvichoma?

Mama Nzuguni:
Habari zenu wakuu. Nasimamia usafi kwenye ukumbi wa sherehe hapa Dodoma mjini. Kila harusi ikiisha naokota vizibo vya mvinyo, sasa kiroba kizima kimejaa. Wenzangu wanasema tuvichome na takataka nyingine, mimi roho inagoma. Ni vyepesi, havinyonyi maji, pini ikiingia inashika. Chupa tupu zina wateja wake, kizibo peke yake hakina mwenyewe. Shule ya msingi ya jirani hawana ubao wa matangazo, wanabandika karatasi ukutani kwa gundi mpaka rangi inabanduka. Nataka kuanzia hapo. Nimejaribu kupasua kimoja kwa kisu, kikamegeka. Navipasuaje?

Seremala Chang'ombe:
Dada, kwanza vichambue. Vipo vya plastiki vinavyofanana sana na vyenyewe. Kata kimoja uangalie ndani: kizibo halisi, cha gome la mti, kina vitundu na michirizi ya kahawia, cha plastiki ni rangi moja tupu. Vya plastiki weka kando.

Vya gome vichemshe kama dakika kumi, vitalainika, kisu kikali kitapita. Pasua kwa urefu, anika kivulini mpaka vikauke kabisa, maana gundi ya mbao haishiki penye unyevu. Kisha bandika kwenye plaiwudi, ubapa ukiwa chini. Kizibo cha kawaida kina urefu wa milimita 45 na unene wa 24, kwa hiyo ubao wa sentimita 60 kwa 90 unakula vizibo 250 hivi. Hiyo ni kama kilo moja tu, kiroba chako kitafika shule kadhaa.

Mkulima Hombolo:
Vikisagwa je, tukatandaza kwenye mashina ya mizabibu kutunza unyevu?

Mdau wa Ipagala:
Mkulima, kwa upepo wetu wa kiangazi chenga hizo zitahamia shamba la jirani. Tandaza majani makavu, yakioza yanakuwa mbolea. Gome hili linachelewa sana kuoza.

Mama, umefanya vizuri kukataa moto. Hili ni gome la aina ya mwaloni, na karibu nusu ya gome lote duniani linatoka Ureno. Mti haukatwi. Unabanduliwa gome mara ya kwanza ukiwa na miaka 25 hivi, kisha kila baada ya miaka 9, na gome la kutengeneza vizibo vizuri hupatikana kuanzia mbanduo wa tatu. Mti umesubiri miaka zaidi ya 40, halafu sisi tunawashia moto! Huko kwao vizibo vilivyotumika husagwa vikawa vigae vya sakafu na soli za viatu. Sisi mashine hatuna, lakini Mtera kuna wavuvi. Toboa katikati, pitisha kamba, tayari ni maboya ya nyavu. Hata vile vilivyomegeka vitafaa.

Mama Nzuguni:
Mungu awabariki. Vilivyomegeka nitavitunza kwa ajili ya Mtera. Fundi, plaiwudi ya milimita 6 inatosha? Ukuta wa shule unapigwa jua mchana kutwa.

Seremala Chang'ombe:
Hiyo itapinda. Chukua ya 12, na usiigundishe ukutani, itundike kwa skrubu nne. Fremu niachie mimi, nina mabaki ya mninga hapa karakana.