Koma ikimtokea mtu asiye wa ukoo, wazee wataisikiliza?

MwanaMgema (Mombasa, kwetu Kaloleni)

Hamjambo ndugu zangu. Kwa wazee, shikamooni.

Naandika hadithi na nimekwama mahali ambapo kusoma hakunisaidii. Namtafuta mtu aliyelelewa kijijini, aliyewahi kuona koma, yaani roho ya marehemu wa ukoo, ikidai haki yake nyumbani kwao, si aliyesimuliwa.

Hadithi ni ya wagema wawili wa upande wetu, Charo na Karisa. Wanapendana. Sisemi urafiki wa kugawana kata ya mnazi, yaani tembo. Wanapendana kama mtu na mkewe, miaka tisa sasa, na neno hilo halijapata kutamkwa na yeyote, hata na wao wenyewe. Wakiitana ni "msena" tu, kama kila Mgiriama anavyomwita rafiki yake. Charo ana mke na watoto. Karisa hakuoa, na kwa mama yake haipiti wiki bila shangazi kuja na jina la binti wa watu.

Masika Karisa anateleza juu ya mnazi, anaanguka, anakufa. Anazikwa vizuri, hanga, yaani matanga, linakaliwa, mwanzele, ngoma yetu ya msiba, unachezwa mpaka kunakucha. Charo yupo, analia kama wanavyolia majirani, analipima kila chozi kabla ya kuliachia.

Miezi inapita. Ndipo Karisa anapoanza kuja usingizini. Hasemi maneno ya mapenzi. Anasimama chini ya mnazi, maji yanamchuruzika, anasema: "Msena, baridi. Nivishe." Mnaojua mnajua anachodai. Anataka achongewe mti wake, usimikwe, ufungwe vitambaa, amwagiwe mnazi, apate pa kukaa.

Sasa koma hudai kwa watu wake. Karisa hakuacha mtoto. Ana kaka mmoja, na huyo kaka analala fofofo. Charo akienda kusema, swali la kwanza litakuwa: kwa nini wewe? Akinyamaza, mwenzake yuko kwenye baridi. Je, wazee wangeipokea ndoto ya mtu baki? Na wakiipokea, wangefanya nini?

Nisiwafiche kwa nini nauliza. Mimi ni mwanamume na ninampenda mwanamume. Nimesoma visa vingi vya Kiswahili ambamo mtu kama mimi ni balaa lililotoka mjini, au ni wa kukimbilia Nairobi, au anakufa ukurasa wa mwisho kwa aibu. Ndiyo, Karisa anakufa, lakini hauawi na mapenzi. Anauawa na mvua na shina lililoota ukungu, kama alivyokufa baba yangu mdogo. Nataka hawa wawili wabaki kwao, na mizimu ya kwao iwatambue.

Kipande hiki nimeshakiandika, nakiweka ili mjue naongea kuhusu watu gani:

*Kila mgema hukata vidato kwa mguu wake, na Karisa alikuwa mrefu. Mwenye shamba alimpa Charo minazi saba ya marehemu ili makarara yasifunge. Siku ya kwanza kila kidato kilimdai mguu mrefu kuliko aliokuwa nao. Alikwea akijivuta, kifua kimegusa shina, goti linatafuta mahali ambapo goti la mwenzake lilipafikia bila kutafuta. Angeweza kukata vidato vya katikati. Panga alikuwa nalo. Alifika juu akahema, akakata karara ncha nyembamba kama ukucha, akangoja tone la kwanza, akashuka kwa vidato vile vile.*

Hicho cha vidato sikukibuni. Baba mdogo alipofariki, sisi watoto tulijaribu kukwea minazi yake na miguu haikufika.

BintiPate (Lamu)

Kaka, kipande cha vidato nimekisoma mara tatu.

Huku kwetu visiwani tungesema huyo Charo ana jini mahaba. Angepigiwa ngoma, pepo apande, Charo awe kiti chake, kisha pepo aulizwe: jina lako nani, wataka nini? Hebu lione hilo. Watu wamejaa uani, ubani unafuka, na kinywa cha Charo kinasema mbele ya mkewe: "Mimi ni Karisa." Siri inatoka bila yeye kuitoa. Mimi ningekuwa wewe ningeandika hapo.

MwanaMgema

Dada, uani huo nimeuona na umeninyima usingizi. Lakini sitaweza, na sababu yangu ni hii.

Jini mahaba ni mgeni. Amemwingia mtu, na watu wanaompenda mtu huyo wanakusanyika wamtoe. Nikimfanya Karisa jini, nimewapa kijiji kizima ruhusa ya kumfukuza, tena kwa nia njema. Koma ni mtu mwenyewe. Koma haifukuzwi. Inalishwa, inavishwa, inapewa mahali. Ndiyo maana nimeng'ang'ania koma.

Halafu sisi tumeitwa wenye majini vya kutosha. Nilipokuwa na miaka 19 nilifukizwa siku tatu chini ya shuka kwa kuwa sikutaka kuchumbia. Moshi ule naujua. Sitaki Karisa aufikie.

Mamake Kadzo (Kaloleni)

Marahaba mwanangu. Babu yangu alikuwa mchongaji, kwa hiyo hili nitalisema bila kuazima.

Nashukuru hukuandika kigango. Kigango, ule mti mrefu wa kuchongwa wa kumkumbuka marehemu, ni cha mwanachama wa Gohu, chama cha siri cha wazee wa Kigiriama, mtu aliyelipa ada yake na kula kiapo chake, na mgema wa minazi saba hafiki huko. Watu wa nje wamelishika neno kigango kwa sababu ndivyo vilivyong'olewa vikauzwa Marekani. Jumba la makumbusho la Denver lilikabidhi 30 mwaka 2014. Wa Karisa nao huitwa koma, mti mfupi tu, mgumu, usioliwa na mchwa, kichwa kimezungushiwa mkato. Na ukishasimikwa haung'olewi. Ukoo ukihama, wenyewe unabaki. Liweke hilo kichwani mwa Charo anapochagua mahali, maana huenda akazeeka akipita hapo.

Ndoto ya mtu baki husikilizwa. Kwetu koma ya babu ilimjia mke wa baba mdogo, ameolewa mwaka ule ule, hata sura ya babu haijui. Akaeleza kovu la kidevuni. Hakuna aliyemwuliza kwa nini wewe. Wazee walisema tu, twende mburugani, yaani kwa mpiga ramli.

Na hapa ndipo ulipokosea njia. Unadhani Charo lazima ajieleze. Mburugani anayekwenda hasemi shida yake! Mnakaa, mwenye mburuga anatikisa, anatafuta: ni kichwa, ni mji, ni mtu wa kiume, ni aliyeanguka. Akipatia mnaitikia "taire". Asipopatia mnanyamaza. Charo kazi yake ni moja, kumwambia kaka mtu: "Nimemwota ndugu yako, analia baridi." Mengine atayatafuta mwenye mburuga. Hatari yako iko hapo, kwa sababu anaweza kuyapata yote.

Kuna jambo jingine umelipita na mimi siwezi kulipita. Kabla ya mapenzi watamwuliza uchawi. Mtu ameanguka, jirani amepewa minazi yake, na sasa marehemu anamtokea jirani huyo huyo. Neno utsai litatajwa jioni ile ile. Hapa Kilifi wazee wetu wameuawa kwa maneno madogo kuliko hayo, kwa mvi tu. Mwandike Charo akiogopa hilo kwanza. Ukimwandika anaogopa mapenzi pekee, sisi wa huku tutajua hukukaa huku.

Mwalimu Mstaafu (Malindi)

Kijana anaandika vizuri, nakiri. Lakini mambo haya si ya kwetu, na hadithi ingesimama bila hayo. Zamani watu walichanjiana damu, wakawa ndugu hadi kaburini, mmoja akifa mwenzake anakaa na wafiwa. Kwa nini Charo na Karisa wasiwe ndugu wa kuchanjiana tu? Koma ingepata njia halali ya kumjia, na wewe usingemkwaza msomaji.

Wa Ganze

Mwalimu, kwa heshima yako, nitajibu kwa niaba yangu tu.

Aliyekuwa wangu alifariki kwa ajali ya pikipiki. Asubuhi ya mazishi nilikwenda kuchimba. Vijana wengine walipokezana, mimi jembe sikuliachia, kwa sababu mtu anayechimba hakuna anayemwuliza mbona uso umelowa. Ni jasho. Tulipomaliza nilinawa, nikakaa nyuma na watu wa kilabu cha mpira. Mbele palitandikwa mikeka ya wafiwa. Mjomba wake, aliyekuwa hajamwona miaka minne, alikaa pale. Pilau niliyoletewa nilimpa mtoto wa mtu.

Kwa hiyo unaposema mambo haya si ya kwetu, mimi nipo, na kaburi lile nimelichimba.

Lakini wazo la kuchanjiana silikatai hata kidogo. Ningekuwa nimechanjiana naye ningekuwa na mkeka. MwanaMgema, waache wachanjiane, hata kama ni wawili tu chini ya mnazi, kwa kotama ya kugemea, bila mzee wa kushuhudia. Ila asiwe ndugu badala ya kuwa mpenzi. Wawe yote mawili.

Usiingize askari pia. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilipokataa kuvifuta vile vifungu vya sheria vinavyotuharamisha, 162 na wenzake, nilisikia redioni nikiwa kwenye foleni ya kusaga mahindi. Foleni nzima ilisikia. Hakuna aliyegeuka. Miaka 14 ya gerezani iko kwenye karatasi Nairobi. Kijijini kinachotisha ni siku unafika mangweni, pale panapouzwa tembo, na dumu lako, na watu wanasema leo wameshanunua kwa mwingine. Kesho hivyo hivyo. Mgema asiyenunuliwa mnazi anaona unageuka siki mbele ya macho yake.

Mwalimu Mstaafu

Pole, kijana wa Ganze. Hilo la mkeka limenifikia. Sina la kuongeza leo.

MwanaMgema

Nimekaa siku mbili bila kujibu kwa sababu nilikuwa naandika. Ahsanteni, na wewe wa Ganze, pole sana. Jembe lako nimeliomba kimyakimya, nimempa Charo. Ukikataa nitalitoa.

Mama, nimefuata ulivyonielekeza. Hofu ya kwanza sasa ni utsai. Charo anarudisha minazi mitano kati ya ile saba kabla ya kuifungua ndoto, ili asionekane amefaidika. Anabaki na miwili, ile yenye vidato vya mbali zaidi. Kisha anakwenda kwa kaka mtu alfajiri na kumwambia yale maneno mawili uliyonipa, hazidishi.

Mburugani wanakwenda watatu: kaka, mzee mmoja wa ukoo, na Charo. Mwenye mburuga ni mama mtu mzima. Anatafuta, anapita kwenye mji, kwenye mvua, kwenye mnazi, wanaitikia taire, taire. Anafika kwenye baridi. Taire. Halafu anatulia, anamtazama Charo kwa muda, na badala ya kusema kila kitu anasema: "Koma hii haikukosea mlango."

Hapo nilikwama tena, usiku mzima. Nani aitikie? Charo hawezi. Mzee haelewi. Saa tisa usiku nikajua ni kaka. Yule kaka aliyelala fofofo, ambaye hakuota chochote, anatazama mikono yake na kusema, "Taire." Alikuwa anajua. Miaka tisa alikuwa anajua, na ndiye aliyekuwa akimtuma shangazi arudi kwao.

Nililia nilipoandika hilo, nawaambia ukweli.

Nina swali moja limebaki, Mama. Mti ukishasimikwa, nani anafunga vitambaa? Lazima kaka?

Mamake Kadzo

Kusimika ni kwa ukoo. Kaka ndiye atakayeshika mti na kusema maneno, hapo usimwondoe. Kitambaa kwetu kimefungwa na yule aliyeombwa. Yule mke wa baba mdogo ndiye aliyefunga, na alikuwa mgeni kuliko Charo wako. Ni vitambaa vitatu, chekundu, cheupe na cheusi au buluu iliyoiva. Afunge kiunoni mwa mti, si shingoni, na asivute sana.

Na mnazi wa kumwagia uwe wa asubuhi hiyo, utoke kwenye mnazi wa Karisa mwenyewe. Mwandike Charo akikwea kuuteka kabla jua halijatoka.

Wa Ganze

Jembe ni lako, msena. Liache humo humo.