Ushauri tafadhali: kaka hawezi kumeza, hata mate yanamuuma

Kijana wa Reli: Wakuu habari, wakubwa shikamooni. Kaka yangu alikuwa machimboni, akaacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI (ARV) kama miezi minane. Karudi amekonda. Leo siku ya sita, akimeza anasema kama kiwembe kinashuka katikati ya kifua. Ugali kashindwa, sasa hata maji anayakwepa. Ulimi una utandu mweupe. Duka la dawa walitupa dawa ya maji ya fangasi. Mdomo umetakata kidogo, kifua kiko vilevile. Mama anasema ni vidonda vya tumbo.

Bi Mkubwa: Pole mwanangu. Mpe asali na tangawizi na ndimu.

Nesi wa Zamu: Bi Mkubwa, ndimu hapana jamani, itamchoma! Kijana, niko CTC, kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI, mwaka wa tisa na hii tunaiona sana. Utandu mdomoni pamoja na maumivu ya kumeza, kwa mtu aliyeacha dawa, mara nyingi ni fangasi walioshuka kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ile ya maji haifiki huko kwa nguvu ya kutosha. Kinachotumika ni flukonazoli ya kumeza, kwa kawaida miligramu 200 kwa siku, wiki mbili hadi tatu, lakini aandikiwe na daktari kwa sababu inagongana na baadhi ya dawa. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki. Asipopata, achunguzwe kwa kamera, maana virusi vya sitomegalo na hepesi navyo huchimba vidonda humo.

Kama maji hayapiti kabisa, mpelekeni leo, asisubiri Jumatatu. Na asianze mwenyewe zile ARV zilizobaki kwenye kopo! Wampime kwanza CD4 (chembe za kinga ya mwili), TB na kriptokoka, fangasi wanaoshambulia ubongo. Akilalamika kichwa au shingo kukakamaa, waambieni mapema.

Mzee wa Kona: Mimi niliwahi kupitia hili. Uji mwepesi uliopoa, mtindi na parachichi lililopondwa viliniokoa. Chai ya moto na pilipili nilivisahau.

Kijana wa Reli: Asanteni. Tumetoka hospitali, CD4 ni 41. Kriptokoka hana, makohozi wamechukua. Kapewa flukonazoli na septrini, ile antibiotiki ya kumkinga na maambukizi. ARV wamesema turudi Alhamisi. Nesi, kidonge kikimshinda naweza kukisaga?

Nesi wa Zamu: Kama ni kapsuli usiifungue kabla ya kumuuliza mfamasia, flukonazoli ya maji nayo ipo. Ameze akiwa amekaa, na maji ya kutosha, asilale papo hapo.