Gitaa la metali lenye jina la mwanamuziki: Rhoads, Iommi au Hammett? Wajuzi wa kusini nisaidieni

ChunoSaba (Mtwara)

Wakuu, heshima kwenu.

Hela ya korosho ya mnada wa pili imeingia, na kabla haijaishia kwenye michango ya harusi nimeamua mwaka huu ninunue gitaa la metali, ule muziki mzito wa roki, la kueleweka. Miaka sita napiga la kuazima, la plaiwudi, ambalo ukivuta uzi mara mbili tuni imeshahama. Shemeji yangu anatoka Ujerumani mwezi ujao, kakubali kunibebea gitaa moja. Moja tu, kasisitiza.

Nataka haya ya saini, yaani yale ambayo kampuni huyatoa kwa jina la mwanamuziki, na umbo lake na pikapu zake. Nikisema pikapu namaanisha zile sumaku zilizozungushiwa waya zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, si za kubebea magunia. Mwaka jana niliandika natafuta pikapu mbili, nikapigiwa simu na madalali kutoka Masasi siku tatu mfululizo.

Nimebaki na matatu:

Jackson JS32 Rhoads, lile la pembe, lenye tremolo ya Floyd Rose ya leseni, yaani daraja (pale nyuzi zinapokaa mwilini) linalochezeshwa kwa mkono wa chuma kushusha na kupandisha sauti. Ndilo la bei ya chini kuliko yote.

Epiphone SG Special la Tony Iommi wa Black Sabbath. Jekundu, pikapu za P-90, daraja lisilocheza.

LTD KH-602 la Kirk Hammett wa Metallica. Pikapu za EMG, Floyd Rose, mafuvu kwenye ubao wa vidole. Jipya linapita dola 1,000, ila shemeji kaona lililotumika.

Matumizi: metali nyumbani na wenzangu wawili, tunashusha tuni hadi dropu C, yaani uzi wa sita unafika noti ya C. Jumamosi napiga harusini, maana hela ya nyuzi lazima itoke mahali. Aliyewahi kushika mojawapo aseme.

---

PembeMbili (Lindi)

Rhoads, na mada ifungwe.

Wengi hawajui lile umbo lilikotoka. Mwishoni mwa 1980 Randy Rhoads, wakati huo akimpigia gitaa mwimbaji wa metali Ozzy Osbourne, alimfuata Grover Jackson na wazo lake la gitaa la V lenye pembe moja ndefu kuliko nyingine. Lilipokamilika likawa gitaa la kwanza kubeba jina la Jackson kichwani. Machi 1982 ndege ikaanguka, Rhoads akafa na miaka 25 tu. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba JS32 ni la bei ya chini basi si la saini. Kampuni nzima ilianzia kwenye umbo hilo.

Shingo yake ni raha. Ubao wa vidole huku chini una mviringo kidogo, ukipanda unazidi kuwa bapa, kutoka inchi 12 hadi 16. Kodi za muziki unazishika bila taabu, na ukivuta uzi kule freti ya 20 haukwami.

---

kandambili (Mtwara)

Nunua bodaboda mkuu. Hayo mapembe yatakutoboa mtu macho ukumbini.

---

BintiShangani (Mtwara)

Kaka ChunoSaba, mimi nina gitaa la Floyd Rose mwaka wa nne sasa, nakaa hatua chache kutoka baharini. Nikueleze nilichokiona, halafu utaamua.

Kwanza chumvi. Ile Floyd ina skrubu sita za kubana nyuzi kwenye daraja na tatu kule kichwani, zote za alenki ya milimita 3. Huku Shangani nyuzi za kawaida zinageuka rangi ya chai ndani ya wiki mbili. Skrubu nazo zinashika kutu taratibu, hujui mpaka siku unabadilisha uzi, alenki inazunguka tupu kwa sababu kichwa cha skrubu kimelika. Moja ilinigharimu asubuhi nzima na koleo la kuazima. Tangu siku hiyo nina chupa ya mafuta ya cherehani. Kila nikibadilisha nyuzi nachovya pamba ya masikio, napitisha tone moja kwenye kila skrubu. Nikimaliza kupiga nafuta nyuzi kwa kanga kuukuu. Ndani ya begi nimetupia vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Pili, Floyd inakaa kwa mizani. Nyuzi zinavuta huku, springi za nyuma zinavuta kule. Nilikuwa harusini Mikindani, wimbo wa pili, uzi wa kwanza ukakatika. Springi zikashinda, nyuzi tano zilizobaki zikapanda kwa pamoja. Bwana harusi ndiyo anaingia. Nikaweka gitaa chini nikaimba tu, mikono mitupu, mpaka mwisho.

Dawa niliipata kwa mchonga vinyago mmoja, Mmakonde, jirani yetu. Nilimpa vipimo akanikatia kipande cha mpingo, kama nusu ya kiberiti, akakisugua mpaka kikaingia kwa kubana kati ya kile chuma cha tremolo na ukuta wa tundu, upande wa springi. Sasa mkono wa tremolo naweza kuushusha, kupandisha siwezi, na uzi ukikatika zilizobaki zinakaa palepale. Mpingo haubonyei hata kidogo. Alinitoza soda mbili.

Kwa hiyo sikukatazi. Nasema ujue unanunua na kazi yake.

---

FundiRedio (Ligula)

Habari za leo ndugu. Mimi si mpiga gitaa ila haya mavyombo yanaishia mezani kwangu, nitasema upande wa umeme tu.

Lile la Hammett: pikapu za EMG zina kikuza sauti kidogo ndani, kinakula betri ya volti 9. Hakili sana, betri nzuri inakwenda miezi. Tatizo, swichi yake ni tundu la waya lenyewe. Ukichomeka waya saketi inawaka, ukiacha waya umechomekwa usiku kucha inaendelea kunywa. Nimeletewa gitaa mara mbili "limekufa", sauti inakwaruza kama redio ya mbao, nikabadilisha betri nikamrudishia mwenyewe. Halafu betri za volti 9 zinazouzwa huku nyingine ni maganda matupu. Pima kwa mita palepale dukani. Ikisoma chini ya 9, rudisha.

La Iommi: P-90 ni koili moja, haina betri. Lakini koili moja inanasa kila kitu, ukiwemo umeme wa ukutani wa 50 Hz. Ndiyo maana mwaka 1955 Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson akatengeneza pikapu ya koili mbili zinazopingana, mngurumo ukajifuta wenyewe. Nyumba nyingi za huku hazina ethi ya maana. Ukiweka distoshoni kubwa (ile sauti ya kukwaruza ya metali) kwenye P-90 karibu na friji, utasikia friji kuliko gitaa. Ukishika nyuzi ikanyamaza kidogo, huenda ethi nayo ni sehemu ya shida. Niite nikuchimbie nondo.

---

MzeeWaSolo (Lindi)

Mwanangu, nimepiga solo kwenye bendi za dansi tangu hujazaliwa, hiyo metali siijui na kusema kweli inaniumiza kichwa. Ila Iommi namjua, na mnamtaja bila kusema la maana.

Yule alikuwa kijana wa kiwanda cha bati Birmingham. Siku yake ya mwisho kazini, na miaka 17, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na yeye anapigia shoto, kwa hiyo ndio mkono wa kubana nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivisha ngozi. Nyuzi nene zikawa zinamuuma, akafunga nyembamba, na kufika 1971 anashusha tuni nusutoni tatu ili zilegee. Ule uzito mnaouita metali ni maumivu ya vidole vya fundi bati.

Kwa habari ya gitaa, P-90 ndizo ningechukua. Fungua sauti robo tatu, punguza distoshoni, zinalia kama za dansi zilivyolia. Wewe umesema Jumamosi upo harusini. Sasa utaingia na mapembe ya huyo Jackson mbele ya wazee na makofia yao?

---

PembeMbili (Lindi)

Mzee wangu shikamoo, lakini harusini watu wanaangalia bibi harusi, hakuna anayetazama gitaa.

---

MzeeWaSolo (Lindi)

Marahaba. Anayelipa anatazama.

---

NyuziNene (Newala)

Naona wote mmerukia pikapu na historia, hakuna aliyeuliza urefu wa uzi. Jamani, dropu C!

SG la Iommi, kutoka nati ya kichwani (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi) hadi daraja, ni inchi 24.75. Jackson na lile la Hammett ni 25.5. Tofauti haifiki sentimita 2, lakini kwa tuni ya chini unaisikia kwenye kiganja. Uzi mfupi ukiushusha hadi C unalegea. Mzee amesema kweli kwamba Iommi alitaka kulegea, ila rifu zake, vile vipande vya gitaa vinavyojirudia, ni za taratibu, nzito, uzi unapata muda wa kutulia. Nyinyi mnakaba nyuzi kwa kiganja na kupiga haraka. Uzi uliolegea hapo unapepea, noti hazitengani, inakuwa uji. Ukichukua SG itabidi ufunge nyuzi nene, 11 hadi 54 kupanda (unene kwa elfu za inchi), na huenda ukachonga tena nati ili uzi wa sita ukae. Kwenye 25.5, seti ya 10 hadi 52 inatosha.

Na kingine, Floyd Rose na kuhamahama kwa tuni haviishi nyumba moja. Leo dropu C na wenzako, kesho tuni ya kawaida kwa ajili ya harusi? Ukigusa uzi mmoja zote zinahama, unaanza kusawazisha springi saa nzima. Dada BintiShangani, kwa mpingo wako umeziba upande mmoja tu. Ukizipanga springi kwa tuni ya C, ukirudi juu nyuzi zinavuta zaidi, springi zinabaki na nguvu ileile, daraja linaanza kuinama mbele. Ni kweli si kweli?

---

BintiShangani (Mtwara)

Ni kweli. Mimi sibadilishi tuni, nimekaa D mwaka wa nne. Ningebadilisha ningeziba pande zote mbili.

---

NyuziNene (Newala)

Ndipo nilipotaka tufike. ChunoSaba, kwenye orodha yako umeandika JS32. Je, unajua kuna JS32T? Hiyo T mwishoni ndiyo kila kitu. Ni Rhoads lilelile, pembe zilezile, freti 24, pikapu za koili mbili zisizotaka betri, urefu 25.5, lakini daraja halichezi na nyuzi zinapita ndani ya mwili kutokea nyuma. Uzi ukikatika unamalizia wimbo na tano zilizobaki. Unabadilisha tuni kwa dakika mbili. Hakuna skrubu za kuoza.

Ubaya ninaoujua: ukikaa kwenye kiti linateleza pajani, mpaka uweke lile pengo la V juu ya paja la kushoto kama mpiga gitaa wa klasiki. Na begi la kawaida haliingii. Shemeji anunue na begi lake hukohuko, la sivyo ncha itafika imemeguka. Basi la kutoka Dar nalijua, mizigo inavyopangwa kule kwenye buti.

---

PembeMbili (Lindi)

Bila tremolo hilo ni la Rhoads gani sasa?

---

NyuziNene (Newala)

Gitaa lake la pili la Jackson, lile jeusi, lilikuwa na daraja lisilocheza.

---

PembeMbili (Lindi)

Haya. Nimekaa.

---

kandambili (Mtwara)

Bodaboda haina tuni, jamani.

---

ChunoSaba (Mtwara)

Wakuu nimesoma yote mara mbili, na shemeji naye nimemtumia akasoma.

La Hammett nimeliacha. Si kwa sababu ya betri. Lile shingo yake imepita ndani ya mwili mzima, haijafungwa kwa skrubu, na muuzaji alipoulizwa kama limewahi kuanguka akajibu "si sana". Hilo jibu limenitosha.

La Iommi limeniuma kuliacha. Mzee wangu shikamoo, ile habari ya vidole nilikuwa nimeisikia juujuu, leo ndiyo nimeielewa. Ila pale kwangu friji lipo ukuta mmoja na spika, na FundiRedio nondo yako bado sijaichimba.

Nimemwambia shemeji atafute JS32T, jeusi, na begi lake. Ushuru wa forodha na VAT asilimia 18 nimeshatenga pembeni, wasije wakanikuta uwanja wa ndege nahesabu sarafu. Kinachonisumbua ni hilo la kuteleza, kwa sababu mazoezi yangu yote nafanya nimekaa kitandani umeme ukiwepo, na ukikatika pia.

Dada BintiShangani, gitaa lako lina umbo gani? Ningependa kulijaribu kabla shemeji hajalipa.

---

BintiShangani (Mtwara)

Ni V, kaka. Njoo Jumamosi baada ya alasiri, baba atakuwa amerudi. Beba na waya wako, wangu unashika upande mmoja tu, nimeufunga kwa solotepu.

---

FundiRedio (Ligula)

Mleteeni fundi huo waya jamani, dakika tano tu.