Men swichi inajikata kila nikichomeka pasi, pasi nimeshabadili na bado, msaada wakuu

BabaNaima:
Wakubwa shikamoni, wenzangu mambo. Nipo Kinyerezi, nyumba ni mwaka wa tatu tangu nihamie na umeme haujawahi kunisumbua mpaka hizi mvua za masika zilipoanza. Sasa hivi men swichi inajikata hovyo hovyo, inaweza kutulia siku nzima halafu saa moja jioni mama Naima akichomeka pasi tu, paah, nyumba nzima giza. Tukasema pasi mbovu, nikampa shemeji nikanunua mpya, mpya nayo paah. Cha ajabu ile ya zamani shemeji anaitumia huko Gongo la Mboto haina shida yoyote. Juzi imekata kwenye birika la umeme, jana friji ilipoanza kuunguruma. LUKU ina uniti na majirani wote wanawaka kwa hiyo sio mgao. Nimeita fundi, kaangalia dakika tano kasema men swichi imechoka nimpe hela akachukue nyingine Kariakoo, la sivyo kwa leo aipige dairekti, yaani umeme upite bila kupitia hiyo swichi, tulale. Nikamwambia subiri kwanza. Nifanyeje?

mkata_waya:
Mkuu kinachodondoka ni kipi hasa? Funua kile kimfuniko, kuna vibreka vyembamba vimejipanga na kuna kipana chenye kitufe kimeandikwa T.

BabaNaima:
Ni hicho cha T. Vyembamba vyote vinabaki juu.

mkata_waya:
Basi sio mzigo kuzidi. Mzigo ukizidi au shoti ikipiga inadondoka ile breka nyembamba ya laini husika. Hicho cha T ndio RCD, chenyewe hakijali umetumia umeme kiasi gani, kazi yake kulinganisha unaokwenda kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Ukipungua kwenye kurudi, za nyumbani nyingi ni miliampia 30, kinajua unavujia sehemu, inaweza ikawa erthi, ule waya wa kwenda ardhini, inaweza ikawa mwili wa mtu, kinakata.

Tabata_Kwetu:
Mimi hiyo kitu ya T ilinitesa nikaipiga dairekti na mpaka leo nadunda. Usumbufu tu.

mama_wawili:
Unadunda kwa sababu hujashika shawa ya umeme inayovujisha ukiwa umelowa mwili mzima. Kaka yangu mwenye uzi usimsikilize huyu, una mtoto ndani.

mkata_waya:
Asante dada. BabaNaima leo jaribu hivi, chomoa kila kitu kwenye soketi, sio kuzima, chomoa kabisa, shusha vibreka vyote, pandisha T, halafu pandisha kimoja kimoja. Ikidondoka kwenye kimoja umeshajua mtaa anaoishi mwizi.

BabaNaima:
Nimefanya na nimechanganyikiwa zaidi. Vimepanda vyote na ikatulia. Nikachomeka chaja, sawa. Nikaweka birika soketi ya jikoni, paah. Nikahamishia chumbani, paah. Nikazima hadi breka za taa zote za ndani na nje, birika tena, paah!! Sasa hii nyumba ina nini jamani

Mzee wa Magogoni:
Imerogwa hiyo 😂 ila huku Kigamboni hata bila mvua upepo wa chumvi unakula skrubu za soketi, angalia na kutu

mkata_waya:
Hapo sasa umeniambia kitu. Vibreka vyembamba vingi vinakata laivu peke yake, nyutro inabaki imeungwa hata ukiwa umezima. Nyutro ikigusana na erthi mahali popote, hata kwenye laini uliyoizima, nyumba inaweza kutulia kabisa mpaka uwashe kitu kizito. Birika la wati 2000 linavuta karibu ampia 9, zile zikiwa zinarudi kwa nyutro kidogo kinachepukia kwenye erthi na T anakata. Ndio maana kila unachochomeka kinaonekana mchawi, pasi yako ya watu ilisingiziwa bure.
Sasa kuanzia hapa usishike mwenyewe, ukishusha men swichi zile nyaya zinazotoka mita bado zina moto. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA na awe na mega, kile kipimo cha kuona kama waya unavujisha, sio testa ya bisibisi. Azime, atoe nyutro moja moja kwenye baa, pale zinapoungwa zote, apime kila moja na erthi kwa volti 500, nzima itasoma megaomu kibao, ikishuka chini ya moja ndio huyo. Vitu vya elektroniki vitolewe kwanza mega isije ikaviua. Dau langu ni nje, taa za fensi, kengele ya geti au pampu.

BabaNaima:
Wakuu nimerudi. Fundi mwingine kaja na mega leo asubuhi, nyutro ya taa za nje imesoma karibu na sifuri. Tumezunguka ukuta mzima mpaka taa ya pembeni ya geti, kufungua jankisheni boksi ni maji na kiota cha sisimizi, aliyefunga mwanzo maungio aliyazungushia tepu tu na boksi halina hata mfuniko wa maana, nyutro na erthi zimeoza zimelaliana. Kakata, kaweka konekta na boksi lisiloingiza maji. Mama Naima kapiga pasi nguo za wiki nzima huku birika linachemka na haijadondoka. Kitufe cha T nimekibonyeza kinakata kama kawaida, kwa hiyo men swichi niliyoambiwa imechoka ni nzima.

mama_wawili:
Hongera. Na ile pasi umeifuata?

BabaNaima:
Shemeji anasema zawadi hairudishwi.