Msimamizi wa tasnifu amenikaushia, nataka kubadilisha. Naomba ushauri

Mwalimu Subira (mleta mada)
Habari za muda huu wakuu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nasoma shahada ya uzamili ya elimu huku nikiendelea na vipindi vyangu. Masomo ya darasani nimemaliza yote, imebaki tasnifu. Mada yangu ni uhusiano kati ya maneno ambayo mwalimu anaandika kwenye daftari, yale ya chini ya alama, na ari ya mwanafunzi kusoma hisabati.

Tatizo ni msimamizi. Mwanzoni alikuwa mzuri sana. Sura ya kwanza aliirudisha imejaa wino, na ya tatu vilevile. Sasa amekaa kimya. Natuma kazi, hasomi. Muda wa usajili unakwisha na usiku silali. Nataka kuomba nibadilishiwe. Aliyewahi kupitia hili anisaidie: barua inaelekezwa kwa nani, na huyu wa zamani anaweza kunilipizia siku ya utetezi? Naombeni lugha ya staha tafadhali, nina msongo.

Kifaru Mpole
Nimekaa siti ya mbele. Wenye uzamili njooni, sisi wengine tunajifunza.

Babu Chaki
Mwanangu Subira, pole. Lakini mna haraka nyinyi. Msimamizi ana wanafunzi wengine, ana vipindi, ana utafiti wake, na bado mnataka asome kurasa mia kwa usiku mmoja. Sisi tulipeleka kazi kwa mkono, imepigwa taipu, ukikuta mlango umefungwa unarudi kesho. Mwanafunzi ndiye anayemfuata mwalimu. Vumilia.

Binti Maktaba
Shikamoo Babu Chaki. Ila kuvumilia nako kuna mwisho. Mimi nilifanya utafiti wa mahojiano na walimu wapya. Hakuna aliyeniambia mapema kwamba saa moja ya sauti inaweza kukula nusu siku kuiandika, maana mtu anasita, anacheka, anarudia, na vyote vina maana. Nikaandika kurasa na kurasa nikampelekea msimamizi kwa fahari. Akarudisha na sentensi moja: "Hawa wamesema, wewe unasema nini?" Nililia. Kumbe nilikuwa nimepanga maneno ya watu kama nguo kwenye kamba bila kuyachambua. Nilikaa nayo upya, nikayapa alama, nikayakusanya kwenye dhamira, na hapo ndipo tasnifu ilianza. Kwa hiyo dada, kunyamaza kwa msimamizi wakati mwingine kuna sababu yake. Au kaka? Samahani.

Mwalimu Subira
Dada. Asante.

Kalamu Nyekundu
Nimewahi kusimamia wanafunzi wa uzamili, ngoja nijibu ulichouliza. Kubadilisha msimamizi kwa kawaida kunawezekana. Barua huanzia kwa mratibu wa uzamili au mkuu wa idara, usimwendee kwanza mwalimu unayemtamani. Ieleze kazi na usimseme mtu: ulituma nini, tarehe gani, ulijibiwa nini. Kuhusu kisasi, tasnifu husomwa pia na watahini ambao hawakukusimamia, kwa hiyo mtu mmoja hawezi kukuangusha kirahisi hivyo.

Kabla hujafika huko, jaribu hili. Acha kutuma sura nzima na maneno "naomba maoni". Tuma jedwali la safu tatu: alichosema, ulichobadilisha, ukurasa ulipo. Mtu aliyebanwa anaweza kulimaliza kabla ya kipindi kuanza.

Halafu nijibu: mara ya mwisho ulimtumia nini?

Mwalimu Subira
Sura ya nne.

Kalamu Nyekundu
Sura ya nne ni matokeo. Hujasema popote kwamba pendekezo lako lilipitishwa, wala kwamba kamati ya maadili ilitoa kibali. Vilitoka?

Mzee wa Hojaji
Na sampuli yako ni ya watu wangapi?

Mwalimu Subira
Data ninazo tayari. Walengwa ni wanafunzi 500, kwa jedwali la Krejcie na Morgan la 1970 sampuli ni 217. Hojaji zimerudi zote, na alfa ya Cronbach, kile kipimo cha uthabiti wa hojaji, imetoka 0.96, kwa hiyo kitaalamu niko vizuri.

Kibali nimeomba, kipo kwenye foleni. Mkuu wa shule alinikubalia kwa mdomo. Ningesubiri karatasi, wanafunzi wangeingia kwenye mitihani, kisha likizo, na usajili ungeniishia mkononi. Hakuna aliyedhurika, ni kutia tiki tu. Na jamani tusidanganyane, wengi wanafanya hivi. Naomba turudi kwenye suala la msimamizi.

Babu Chaki
"Wengi wanafanya hivi" ni jibu tunalolikataa darasani kila siku kwa watoto wa watu. Leo tunalitumia sisi?

Mzee wa Hojaji
Kwa 500, jedwali linasema 217 kweli. Ungetumia kanuni ya Yamane kwa kosa la asilimia 5 ungepata 222, na usishangae, ni hesabu mbili tofauti. Lakini zote zinachukulia kwamba uliwapata kwa bahati nasibu, kila mmoja kati ya wale 500 akiwa na nafasi sawa. Uliwachaguaje? Kama ulichukua waliokuwa karibu, namba 217 haikulindi na chochote. Hili ndilo naliona kwenye kila pendekezo ninaloletewa nisome, jedwali limenukuliwa vizuri, uchaguzi wenyewe haupo.

Sura Tano Chap
Dada usiumize kichwa. Njoo faragha, sura zote tano tunakuandikia mpaka na slaidi za utetezi.

Kalamu Nyekundu
Wasimamizi wa jukwaa, huyu wa juu aondolewe. Subira, usimjibu. Siku ya utetezi utasimama peke yako.

Sikubali Haraka
Wakuu mnapoteza muda, hii ni chai. Hebu someni tena. Zimetoka hojaji 217, zimerudi 217. Hakuna aliyeumwa siku hiyo? Hakuna aliyeruka swali wala kuchana karatasi? Alfa 0.96 kwa chombo alichotunga mwenyewe? Na msimamizi anayejaza wino sura mbili, anapotea siku ileile anayopokea ya nne? Ama hadithi imetungwa ama data zimetungwa. Mimi nahisi ni mtu ana kazi ya nyumbani ya mbinu za utafiti, anataka tumjibie.

Kifaru Mpole
Duh. Na mimi ile 217 kwa 217 ilinipita tu.

Binti Maktaba
Sikubali Haraka, mtu amesema halali usiku, wewe unamwita mwongo. Ungekuwa ni wewe?

Sikubali Haraka
Ningekuwa mimi ningesema yote tangu mwanzo. Aweke picha ya hojaji moja hapa, yaishe.

Kalamu Nyekundu
Asiweke! Karatasi aliyojaza mtoto haipandishwi mtandaoni ili kumaliza ubishi wa watu wazima. Subira, eleza kwa maneno tu kama unaweza.

Mwalimu Subira
Sijatunga kitu, na imeniuma.

Ni wanafunzi wangu. Niligawa kwenye vipindi vyangu, madarasa ninayofundisha, nikakaa mezani mpaka wakamaliza, ndiyo maana zilirudi zote. Ambaye hakuwepo alijaza alipokuja. Juu niliandika USIANDIKE JINA. Wa kwanza kumaliza aliniuliza, "Mwalimu, hii ina maksi?" Nikasema haina. Bado wengi waliandika jina na mkondo kwenye kona ya kulia, wanavyozoea kwenye jaribio. Kuna dawati moja wote wametia "nakubali kabisa" kuanzia sentensi ya 1 hadi ya 24, tiki zimeshuka mstari mmoja.

Na msimamizi, kusema kweli, alijibu. Aliandika: "Kabla sijasoma sura ya nne nitumie barua ya kibali." Sijamjibu. Ningemwambia nini? Barua ya kubadilishiwa nimeshaipeleka kwa mratibu. Msimamizi mpya ataanza na mimi upya, kibali kikitoka tarehe hazitapishana sana, na kazi itakwenda. Mimi sioni ubaya wake. Nimesomea hii shahada kwa mshahara wangu mwenyewe, usiku, baada ya kusahihisha.

Sikubali Haraka
Basi neno chai nalifuta. Anayetunga angejipendelea zaidi ya hapo. Lakini dada, hajakukaushia. Amekuuliza swali.

Mzee wa Hojaji
Sasa ile 0.96 nimeielewa. Sentensi zako 24 zote zimeelekea upande mmoja, sivyo? "Maneno ya mwalimu hunipa moyo", "napenda mwalimu anapoandika", na kadhalika?

Mwalimu Subira
Ndiyo, zote ni chanya.

Mzee wa Hojaji
Hapo ndipo penyewe. Alfa inapima sentensi zinavyokwenda pamoja. Mtoto akishusha tiki safu moja bila kusoma, zinakwenda pamoja vizuri mno. Watu wameshika kwamba 0.70 inatosha, wakadhani kadiri inavyopanda ndivyo bora. Ikipita 0.95 anza kushuku: labda umeuliza swali lilelile kwa maneno mengine, au waliojibu hawakusoma. Cronbach mwenyewe, aliyeieleza mwaka 1951, hakutoa kipimo cha ukweli wa majibu. Chombo kinaweza kuwa thabiti na bado kikapima utii. Ongeza sentensi za kinyume, "maneno ya mwalimu hunivunja moyo", uzigeuze alama wakati wa kuchambua. Dawati lile litaonekana mara moja.

Kalamu Nyekundu
Hilo ni la takwimu. Mimi linaloninyima raha ni jingine. Mtoto anaulizwa kama maneno ya mwalimu yanampa moyo, na mwalimu aliyeyaandika ameketi mbele yake, ndiye atakayesahihisha daftari lake kesho. Anakataaje? Ridhaa ni pale ambapo "hapana" inawezekana. Kwa watoto unahitaji mzazi akubali na mtoto mwenyewe akubali, vyote viwili. Swali la "hii ina maksi" lilikuwa la mtoto anayeuliza kama yuko huru, na karatasi zenye majina ni jibu alilolipata.

Kuhusu tarehe "hazitapishana sana": kamati za maadili kwa kawaida hazitoi kibali kwa data zilizokwisha kukusanywa. Barua ya kibali ina tarehe, hojaji zina tarehe, na mtahini wa nje anajua kusoma zote mbili. Msimamizi mpya atauliza swali lilelile wiki ya kwanza, ila yeye atajiuliza pia kwa nini ulimkimbia wa kwanza.

Mtu wa Njia Fupi
Mbona rahisi. Aseme yale yalikuwa majaribio ya hojaji. Kila tasnifu ina majaribio.

Kalamu Nyekundu
Majaribio nayo huandikwa kwenye maombi ya kibali, hasa yanapohusu watoto. Na hakuna anayefanya majaribio kwa sampuli nzima, kisha akaandika sura ya nne.

Mwalimu Subira
Kwa hiyo nitupe kila kitu?

Kalamu Nyekundu
Hapana. Sura ya kwanza na ya pili zinabaki, ya tatu inarekebishwa, na hojaji sasa unajua inavuja wapi. Namba za sura ya nne ndizo zisiingie kwenye tasnifu. Karatasi zenyewe zifungie kabatini, usizichome wala usizikate majina kabla ya kuuliza msimamizi na kamati wanataka zifanyweje. Ukizichoma leo, kesho itaonekana unaficha. Kisha omba kibali upya kwa shule ambayo hufundishi, na mtu mwingine agawe hojaji.

Na mjibu msimamizi kabla barua yako haijamfikia kupitia kwa mratibu. Mistari minne inatosha: nilikusanya kabla ya kibali, ni wanafunzi wangu, sura ya nne naiondoa, naomba kuonana. Usiweke mitihani na likizo humo, utaeleza ukiulizwa.

Babu Chaki
Mwanangu, alichosema Kalamu kifanye leo. Mwalimu aliyejaza wino sura mbili hajakuchoka.

Binti Maktaba
Na muda wa usajili unaombewa nyongeza. Mimi niliomba nikapewa, niliambatanisha ratiba ya kazi iliyobaki, yenye saini ya msimamizi. Hilo nalo ni sababu ya kutogombana naye.

Mwalimu Subira
Nimemwandikia. Amejibu haraka kuliko nilivyotarajia, kaniita ofisini. Barua kwa mratibu sijaiondoa, nataka nimsikie kwanza. Msinilaumu kwa hilo, nina haki ya kujilinda.

Swali jingine kwa Mzee wa Hojaji. Nikienda shule nyingine, mzazi akikataa mtoto wake asishiriki, naweka mwingine badala yake au naacha pengo?

Mzee wa Hojaji
Usimchukue jirani yake wa dawati, hapo bahati nasibu imekufa. Siku ya kuchagua, endelea kuchagua hata baada ya kufikisha idadi, upate orodha ya akiba kwa njia ileile. Akikataa mmoja, unaita wa kwanza kwenye akiba, kisha wa pili, bila kuruka. Na waliokataa waandike idadi yao kwenye sura ya nne, mwanzoni kabisa. Safari hii wakirudi wote, mtahini atakuuliza alichokuuliza Sikubali Haraka.