Baba ana mota nyuroni, sasa na tabia imebadilika kabisa, naombeni ushauri

Mtoto wa Mwaloni:
Habari zenu wakuu. Baba yangu ana miaka 61, alikuwa anauza dagaa pale mwaloni Kirumba, mwaka jana mikono ikaanza kulegea akawa anaangusha hadi kikombe, tumehangaika weee mwisho tukaambiwa ni ugonjwa wa mota nyuroni. Hilo tumelipokea. Kinachotumaliza ni tabia. Mtu aliyekuwa anapiga hesabu za magunia kwa kichwa leo anatuma hela kwa simu kwa watu hata hawajui, ukimuuliza anasema niache. Mama kafiwa na kaka yake Sengerema, baba hata pole hakutoa, akauliza soda yangu iko wapi. Na soda anakunywa nne kwa siku wakati zamani hata chai alikunywa bila sukari. Mama analia eti kanichoka, mashangazi wanasema karogwa. Kumbukumbu anayo vizuri tu, ndo maana sielewi.

Nesi wa Igoma:
Pole sana mdogo wangu. Huo ni ugonjwa wenyewe. Unaua neva zinazoendesha misuli ila kwa wengi unagusa pia sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomfanya mtu ajizuie, apange mambo, awahurumie wenzake. Karibu nusu ya wagonjwa wanapata mabadiliko ya namna hiyo, mengi madogo, asilimia 10 hadi 15 hivi wanafikia dimenshia kabisa, yaani akili inashuka hadi mtu hawezi kujisimamia. Kumbukumbu mara nyingi inabaki ndo maana familia zinaona ni kiburi. Hata huko kupenda vitamu ghafla kumo humo. Nikuulize, akiamka kichwa kinamuuma? Anasinzia mchana?

Mtoto wa Mwaloni:
Vyote viwili dada, sisi tulidhani presha.

Nesi wa Igoma:
Basi msichelewe. Misuli ya kupumua ikilegea hewa chafu inabaki mwilini usiku, na yenyewe inavuruga akili. Mwambieni daktari hilo kwanza, halafu mumweleze na tabia, maana wasipoambiwa wanaangalia mikono tu.

Bint Ukerewe:
Kaka yangu alikuwa nayo. Usimuulize unataka kula nini, muulize sato au maharage, basi. Na mwangalieni akila, wa kwetu alikuwa anasukumia tonge la pili la kwanza hajameza, siku moja nusura tumpoteze, tukawa tunamwekea ugali kidogo kidogo kwenye kisahani. Hela tulikaa naye kikao mapema akiwa bado anaelewa, tukamwachia ya matumizi tu. Kubishana naye hakusaidii, mtaumia nyie.

Jirani Nyegezi:
Mpelekeni kwenye maombi pia.

Bint Ukerewe:
Maombi sawa, ila hospitali asiache.

Mtoto wa Mwaloni:
Asanteni sana. Nimemsomea mama yote haya, akakaa kimya muda mrefu halafu akaniuliza, "Kwa hiyo siyo mimi?" Jumatatu alfajiri tunampeleka hospitali ya Bugando, mama kasema anakuja na yeye.