Kesho asubuhi napima sukari, chai ya rangi bila sukari inaharibu majibu?

Mamu27: Wakuu habarini za jioni. Kesho saa moja asubuhi natakiwa maabara. Wiki iliyopita nilipima ya kidole duka la dawa, sijala tangu usiku, ikasoma 7.4. Daktari kaniandikia nirudie kwa damu ya mshipa, pamoja na HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari. Kwetu hakuna mwenye sukari. Siku ya tatu hii silali. Je, chai ya rangi isiyo na sukari inaruhusiwa? Nisipokunywa kichwa kinagonga.

Mtu wa Maabara: Maji tu dada. Chai hapana, Big G hapana. Kipimo kinataka angalau saa 8 bila kula. Ukila saa mbili usiku unafika ukiwa umekaa saa 11 bila kula, inatosha. Maji kunywa ya kutosha, mshipa unajaa hatukuchomi mara tatu. HbA1c haijali umekula nini leo, inasoma miezi miwili mitatu ya nyuma. Kuna dawa unayotumia?

Baba Chanja: Mimi na sindano mbali mbali kabisa. Mara ya mwisho nimeona damu inapanda kwenye kile kichupa cha kifuniko cha kijivu, nikamwangukia nesi mzima mzima, kilo 94. Waambie mapema wakulaze.

Mlenda na Dona: Chipsi mayai asubuhi, soda mchana, halafu mnashangaa 7.4. Bibi zetu walipima wapi?

Mamu27: Soda sinywi. Dawa situmii, labda vitamini tu.

Mtu wa Maabara: Vitamini gani? Biotini ya nywele, kwa mfano, huvuruga baadhi ya vipimo, hasa vya tezi ya shingo. Taja jina.

Mamu27: Si ya nywele. Ni vidonge, havina jina. Dada wa saluni ananiletea kwenye kikaratasi cha kaki, vya aina mbili, kimoja kinaleta usingizi na hamu ya kula. Vya kuongeza mwili. Mwezi wa nne sasa. Msinihukumu, sendofu ni wiki tano zijazo na gauni limeshakatwa kwa mwili huu huu. Nimepanga maabara nisiseme, nikitoka tu naviacha vyote.

Mtu wa Maabara: Ndiyo maana niliuliza. Kile kisicho cha usingizi nashuku ni deksamethasoni. Ni steroidi, inapandisha sukari. Ukificha, daktari ataweza kukuanzishia dawa za kisukari wakati chanzo kiko kwenye pochi yako. Na usiache ghafla! Miezi minne mwili umeshazoea, tezi za juu ya figo zimelala; presha inaweza kushuka ukazimia ukumbini. Nenda na kikaratasi, daktari ndiye akupangie kupunguza.

Mamu27: Lakini wenzangu watatu wanatumia na hawana sukari.

Mtu wa Maabara: Wamepima?

Shahidi Mkuu: Anauliza chai, na uzi wenyewe chai. ID ya juzi. Mwanzo "dawa situmii", ghafla vidonge vya miezi minne. Kesho ataweka namba ya muuza vidonge "salama". Tumeshaona hizi.

Baba Chanja: Mkuu usimkatishe, mimi nasubiri hiyo namba.

Mlenda na Dona: Kilo 94 unanenepea wapi tena?

Mamu27: Sina namba ya kuuza, kaka. Nina kikombe kimepoa hapa mezani na vidonge kumi na nane. Vya leo usiku ninywe nisinywe?

Mtu wa Maabara: Hilo mpigie daktari wako sasa hivi, usisubiri sisi. Na kesho umwambie na mtoa damu, ataandika kwenye fomu.

Mamu27: Hapokei. Dada wa saluni ndiye kanitumia ujumbe, anasema mzigo mpya umefika.

Shahidi Mkuu: Si nilisema.